Njia Mbili za Kwenda Kisumu

Nestory hakuwa dereva wa kupiga simu bila sababu. Kwa hiyo jina lake lilipotokea kwenye simu asubuhi ile ya masika, Kokulinda Rwehumbiza aliacha chai yake na kutoka nje ya ofisi ili amsikie vizuri.

"Dada Koku, daraja halipo."

"Halipo kivipi?"

"Limekwenda na maji. Nimeshavuka mpaka wa Sirari vizuri, nikafika mtoni nikakuta malori yamesimama. Imebaki nguzo moja katikati kama jino la mzee. Mbele siendi, na nyuma kumejaa."

"Mzigo umelowa?"

"Bado. Lakini mvua haijaisha."

Kokulinda alimwambia afunge turubai vizuri, asiuache mzigo, na ampigie tena jioni. Kisha akarudi ndani, akaketi mbele ya ile chai bila kuinywa.

Alikuwa mzaliwa wa Muleba, binti wa wakulima wa kahawa na ndizi, na alikuwa amesomea ufugaji wa samaki Morogoro. Sasa alikuwa meneja wa ushirika wa wafugaji wa sato wa kisiwa cha Ukerewe. Wafugaji hao, wengi wao wanawake wa Nansio na vijiji vya jirani, walilea samaki kwenye vizimba, yaani nyavu kubwa zilizofungwa kwenye mapipa yanayoelea ziwani. Ofisi na stoo vilikuwa Mirongo, katikati ya jiji la Mwanza, kwa sababu huko ndiko malori yalikofika. Chakula cha samaki kilitoka kiwanda kimoja cha Kisumu, Kenya. Kilivuka Sirari kwa lori, kikashushwa Mirongo, halafu kikapanda kivuko kwenda Nansio. Njia ilikuwa hiyo moja tu, na kwa miaka yote aliyofanya kazi hapo haikuwa imemkosesha usingizi hata siku moja.

Siku hiyo alishinda kwenye simu. Wenye malori walimwambia kuna njia ya kuzunguka Arusha na Namanga, au ya kupanda Bukoba na kupita Uganda. Zote zilikuwa ndefu mno, na nauli waliyotaja ingewala sato kabla hawajakua. Jioni Nestory alipiga tena. Wahandisi walikuwa wamefika mtoni, wakatazama maji, wakaondoka bila kusema lolote la maana.

Kesho yake Kokulinda alipanda kivuko kwenda Nansio. Aliwakuta wanachama ufukweni wakimsubiri, kwa sababu habari za daraja zilikuwa zimetangulia. Aliwaambia ukweli: chakula kilichopo kilikuwa kidogo, na kuanzia siku hiyo samaki walishwe mara moja tu kwa siku, tena kwa kipimo cha kuwaweka hai, si cha kuwanenepesha.

Dorotea, mwenyekiti wao, alisikiliza huku amefunga mikono kifuani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyeingia kwenye ufugaji baada ya kuuza shamba la mihogo alilorithi kwa mama yake.

"Koku," alisema, "ng'ombe ukimnyima majani atakata kamba akatafute mwenyewe. Sato aliye kwenye kizimba atakwenda wapi?"

Hakuna aliyecheka.

Walijaribu kujitengenezea chakula. Walichanganya pumba, soya na unga wa muhogo, wakakausha juani kila jua lilipochomoza. Lakini kile cha kiwandani kilikuwa kinaelea, na hiki chao kilizama moja kwa moja, kikapita kwenye matundu ya wavu kabla samaki hawajageuka. Waliomshukuru Mungu kwa chakula kile walikuwa samaki wengine, furu na kamongo wa nje ya vizimba. Siku zilivyosogea, sato wakaanza kuonekana vichwa vikubwa na miili myembamba. Dorotea, ambaye samaki wake ndio waliokuwa wakubwa kuliko wote na walafi kuliko wote, alivua kizimba kizima kabla ya wakati wake, akawauza wakiwa ukubwa wa kiganja. Wachuuzi wa sokoni walimnunulia kwa kumhurumia.

Siku hiyo hiyo Kokulinda alimpigia Odero, mwenye kiwanda cha Kisumu. Alipiga ili kulalamika. Alitaka kumwambia kwamba kiwanda kinapaswa kuwa na mpango wa dharura na kisiwatupe wateja wake. Odero alimwacha aseme yote.

"Dada yangu," alisema hatimaye, "hata kama ungekuja leo ukabeba kila mfuko ulioko hapa, mwezi ujao sina cha kukuuzia. Chakula hiki nakitengeneza kwa dagaa. Na dagaa wangu wanatoka kwenu, Kirumba. Nao wamekwama upande wa pili wa mto huo huo."

Darasani Kokulinda alikuwa amefundishwa kwamba chakula cha sato kina dagaa ndani yake. Kwenye mifuko ilikuwa imeandikwa. Lakini hakuwahi kufikiria kwamba dagaa wa Mwanza walikwenda Kisumu kwa barabara ile ile, wakasagwa, wakarudi kwake kama chakula. Mto mmoja ulikuwa umekata kwenda na kurudi.

"Nani anakuletea hao dagaa?" aliuliza.

"Mama mmoja anaitwa Amondi. Mtafute. Ila jiandae, leo ana hasira kuliko mimi."

*

Amondi alipatikana kwenye mwalo wa Kirumba, mahali boti za wavuvi zinaposhusha samaki jijini Mwanza, amekaa juu ya magunia yake chini ya paa la mabati, akiwasimamia wasichana waliokuwa wakigeuza dagaa ili wasishike ukungu. Kwao kulikuwa Shirati, mkoa wa Mara, na alikuwa ameanza biashara hiyo akiwa bado amebeba mtoto mgongoni. Mtoto huyo sasa alikuwa mhasibu Dodoma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unanunua?"

"Hapana, mama. Mimi ni Kokulinda, wa ushirika wa vizimba wa Ukerewe."

Amondi alimtazama kuanzia kandambili hadi kitambaa cha kichwani. "Kumbe ndio ninyi. Tangu mlete hao samaki wenu wa kufugwa, wateja wa sokoni wanataka sato kila siku, dagaa wamekuwa chakula cha kuku."

"Na cha sato, mama. Dagaa wako ndio wanaoliwa na samaki wangu. Bwana Odero ameniambia leo."

Amondi aliwaambia wasichana wafunue magunia ya nyuma, halafu akasogea kidogo ili kumpa mgeni nafasi ya kukaa.

"Malori yangu mawili yako pale mtoni," alisema. "Lingine nimelirudisha, mzigo wote umelowa. Nimeumwaga. Niambie ulichokuja nacho."

Kokulinda alikuwa amekuja na wazo ambalo lilikuwa halijaiva, na alilisema hivyo hivyo. Ziwa lilikuwa pale pale mbele yao. Mwanza ilikuwa na gati, Kisumu ilikuwa na gati. Zamani mabehewa yalivuka ndani ya meli. Kwa nini mzigo wao usipite majini?

"Nilishauliza hilo kabla wewe hujazaliwa," alisema Amondi. "Meli kubwa zina watu wake na ratiba zake, haziwezi kukusubiri wewe na magunia yako. Hizi ndogo hazikubali. Muulize Chenge."

Wakaenda kwa Chenge pamoja. Alikuwa nahodha wa Kisukuma mwenye meli ndogo ya mizigo iliyoitwa Malimbe, ambayo ilipeleka saruji, mabati na soda visiwani. Walimkuta akisimamia upakiaji. Aliwasikiliza bila kuacha kutazama winchi iliyokuwa ikiinua mizigo.

"Kisumu naijua," alisema. "Kwenda si tatizo. Kurudi mtupu ndiko kunakoua meli. Mafuta ya kurudi hayajui kwamba hujabeba kitu."

Kokulinda na Amondi wakatazamana.

"Hutarudi mtupu, mzee," alisema Kokulinda. "Utakwenda na dagaa wa mama huyu, utarudi na chakula cha samaki wangu."

Chenge aliinua mkono, winchi ikasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kuwatazama sawasawa. "Nyote wawili mko tayari kuweka sahihi kwamba kila mmoja atajaza upande wake?"

"Niko tayari," alisema Amondi kabla Kokulinda hajafungua mdomo.

*

Walidhani wangeondoka juma lile. Lakini Malimbe ilikuwa na kibali cha visiwani tu, na ili kuvuka mpaka ilibidi ikaguliwe upya. Mkaguzi aliyekuja aliitwa Odeta, mwanamke kijana mwenye buti za mpira na tochi kubwa. Alishuka chini kwenye injini na kukaa huko muda mrefu. Alipopanda juu, nguo zake zilikuwa na grisi.

"Pampu ya kutoa maji ni moja na ni mbovu," alisema. "Jaketi okozi hazitoshi. Redio haifiki mbali. Siwezi kuiruhusu."

Kokulinda alimsogelea. "Dada Odeta, kule Nansio samaki wanakufa. Kila siku unayotuongezea ni kizimba cha mtu."

"Naelewa."

"Sidhani kama unaelewa."

Odeta alifuta mikono yake kwa kitambaa, taratibu. "Mimi nilikuwa kwenye timu ya kuopoa watu boti ilipozama, mwaka wangu wa kwanza kazini," alisema. "Samaki wako nawaonea huruma. Lakini nitasaini pampu zikiwa mbili. Mkiwa tayari niite hata Jumapili, nitakuja."

Hapakuwa na la kubishana hapo. Chenge alitafuta pampu. Amondi alipata redio kwa shemeji yake wa Musoma. Kokulinda alizunguka mjini akitafuta jaketi, akaazima nyingine kwa kanisa lililokuwa na boti ya visiwani. Huku nyuma alifuatilia hati ya afya ya dagaa, vibali vya forodha vya kutoa mzigo na vya kuingiza mzigo, akirudishwa dirisha moja hadi jingine, na kila aliporudishwa alikwenda. Walimwita Odeta siku ya Jumapili, akaja akiwa na gauni la kanisani ndani ya koti la kazi. Alijaribu pampu zote mbili, akasaini.

Kesho yake alfajiri Malimbe iling'oa nanga. Amondi alisema hawezi kuwaacha dagaa wake wasafiri peke yao, na Kokulinda alitaka kuijua njia hiyo kwa macho yake. Walipopita Ukerewe, jua lilikuwa limeshapanda, na mvua ilikuwa imepumzika. Kokulinda aliviona vizimba kwa mbali, miduara midogo kwenye maji ya kijivu, akageuza uso kutazama mbele.

Safari ilikwenda salama mpaka walipoingia kwenye ghuba ya upande wa Kenya. Chenge alikuwa amekwisha kuwaonyesha minara ya Kisumu mbali kabisa, kama penseli, alipopunguza injini. Mbele yao ziwa lilikuwa limekuwa shamba. Magugu maji yalikuwa yametanda kuanzia ufukwe hadi ufukwe, kijani kibichi, yana maua ya zambarau, na ndege weupe walikuwa wakitembea juu yake kana kwamba ni nchi kavu.

"Upepo umeyasukuma yote huku," alisema Chenge. "Nikiingia humo, yatajizungusha kwenye pangaboi la meli, tutakaa mpaka upepo ugeuke."

"Utageuka lini?"

"Upepo hauna ofisi, binti."

Kokulinda alikaa chini kwenye gunia. Alikuwa amepanga kila kitu isipokuwa majani. Kwa muda alifikiri juu ya kurudi Nansio mikono mitupu, na juu ya uso wa Dorotea. Kisha akasimama, akampigia Odero.

"Hatuwezi kufika kwako. Kuna gati gani jingine linalofikika?"

"Homa Bay," walijibu kwa pamoja, Odero kwenye simu na Amondi nyuma yake.

Wakageuza. Homa Bay maji yalikuwa wazi na gati lilikuwa zuri, lakini ofisa aliyewapokea alisoma makaratasi yao na kutikisa kichwa. Mzigo ulikuwa umeandikwa kwamba unashukia Kisumu. Yeye hakuwa na mamlaka ya kuubadilisha. Amondi alimwamkia kwa Kijaluo, akamuuliza kwao ni wapi, na ikawa wanamfahamu wote wawili padri mmoja wa Rongo. Hata hivyo sheria ilibaki sheria. Ofisa aliwaruhusu kufunga meli gatini na kupumzika, lakini gunia hata moja lisiguse nchi kavu. Kokulinda alimpigia Odero tena kumweleza.

Mchana huo mvua ikanyesha tena. Unyevunyevu ulipenya chini ya turubai, na Amondi aliyasikia magunia yake kwa kiganja kama mama anayemgusa mtoto mwenye homa. Bila kusemezana, yeye na Kokulinda na mabaharia walianza kuyahamisha, ya chini juu, ya pembeni katikati, ili hewa ipite. Mikono ya Kokulinda ilichubuka. Ilikuwa imepita miaka mingi tangu alipobeba kitu kizito kuliko kompyuta, na Amondi, ambaye angeweza kuwa mama yake mdogo, hakupumzika kabla yake.

"Hivi," Amondi alimuuliza walipokaa kuvuta pumzi, "Mhaya kama wewe ulifuata nini kwenye samaki? Si mngebaki na kahawa yenu?"

"Baba aliniuliza hivyo hivyo," alisema Kokulinda. "Nilimwambia kahawa ina wasomi wengi."

Amondi alicheka mpaka akakohoa. Baada ya hapo alimwita Koku.

Odero alifika siku iliyofuata kwa gari dogo, matope hadi kwenye vioo. Kando yake alikaa ofisa wa forodha kutoka Kisumu mwenye muhuri wake mfukoni. Odero alikuwa amemshawishi asafiri badala ya kusubiri. Na nyuma yao, jambo ambalo Kokulinda hakuthubutu kuliomba, yalikuja malori mawili ya kiwanda yaliyojaa chakula cha samaki, chote kilichokuwa kimebaki ghalani.

"Nilifikiri, kama hawa watu wamefika mpaka hapa, mimi nitashindwaje kumalizia?" alisema Odero. Alikuwa mtu mnene, mpole, na alishikana mikono na kila baharia.

Dagaa walishuka, chakula kikapanda, na Malimbe ikarudi imezama hadi kwenye mstari wa kikomo cha mzigo.

Jambo lililomuuma Kokulinda zaidi lilikuja wakati wa kurudi. Walipita tena karibu na Nansio, karibu kiasi cha kuona nguo zilizoanikwa. Simu yake ikaita.

"Koku, naiona meli," alisema Dorotea. "Niko ufukweni. Mbona haikati kuja huku?"

"Hatuwezi kusimama, Dorotea. Mzigo umetoka nje ya nchi. Lazima ukaguliwe Mwanza kwanza, ndipo uje kwa kivuko."

"Samaki wangu wadogo wameanza kuelea asubuhi hii," alisema Dorotea. "Chakula kinanipita mbele ya macho." Akakata simu.

Chakula kilifika Nansio baada ya forodha, baada ya lori, baada ya foleni ya kivuko. Vizimba vingi viliokolewa. Kati ya vya Dorotea, cha wadogo kilikuwa kimepoteza karibu samaki wote. Aliwazika kwenye shimo nyuma ya nyumba, akarudi kuwalisha waliobaki.

*

Malimbe ilikwenda na kurudi msimu wote wa mvua. Safari nyingine ilifika Kisumu kwenyewe, nyingine ikaishia Homa Bay, na sasa makaratasi yaliandikwa kwa gati zote mbili. Halafu daraja likajengwa upya, likawa zuri kuliko la zamani, na Nestory akavuka akipiga honi.

Ndipo kazi ngumu ilipoanza. Lori lilikuwa la haraka na nafuu kuliko meli, na kila mtu alitaka kurudi barabarani. Chenge alikuwa amekwisha kuitwa na wenye saruji. Kokulinda aliitisha mkutano Nansio, akawaomba wanachama waamue kwamba sehemu moja ya mzigo wao iendelee kupita majini daima, hata wakati wa kiangazi, ili meli isiondoke na njia isisahaulike.

"Njia isiyopitwa huota nyasi," aliwaambia. "Siku tutakayoihitaji tutaanza upya, na vibali, na pampu, na magugu. Samaki hawatatusubiri."

Alitegemea Dorotea amuunge mkono. Dorotea alisimama, akapinga.

"Mwaka huu nimepoteza zaidi ya mtu yeyote hapa," alisema. "Kwa hiyo mimi ndiye nisiye na cha kuongeza. Mnaniambia nilipie ghali zaidi leo kwa ajili ya shida ya kesho. Leo yenyewe sijaimaliza."

Wengi walipiga kura pamoja naye. Kokulinda aliondoka na kivuko cha mchana, amekaa peke yake kwenye sitaha, amekasirika kwa namna ambayo hakuweza kumkasirikia mtu. Kwa maana Dorotea alikuwa amesema kweli. Chakula cha majini kilikuwa ghali. Lakini kwa nini? Alianza kulifikiria hilo badala ya kura. Meli yenyewe haikuwa ghali sana. Ghali ilikuwa kupita Nansio, kwenda Mwanza, kushusha, kupakia lori, kulipia kivuko, na kurudi pale pale walipokuwa wamepita. Kivuko kilipofika Mwanza hakwenda nyumbani. Alikwenda forodha.

Mkuu wa ofisi ile alimsikiliza kwa adabu. "Unataka meli ya kutoka nje ishushe Nansio. Nansio hatuna ofisa wa kudumu, hatuna mizani, hatuna ghala la kufungia mzigo kabla haujakaguliwa. Ukivipata hivyo, njoo tuzungumze."

Alikuwa amemwambia hivyo kwa namna ya kumwondosha. Kokulinda aliyachukua maneno hayo kama orodha ya sokoni.

Mizani waliipata kwa Odero, ile ya zamani ya kiwandani, ikaja na Malimbe na kupimwa upya. Kuhusu ofisa, alipendekeza asikae Nansio, bali awe anakuja kwa kivuko siku za meli tu. Alirudi na pendekezo hilo mara kwa mara mpaka mlinzi wa getini akawa anamuuliza habari za Muleba. Amondi alimbana Chenge asichukue kazi ya saruji mpaka jibu litoke, na akajaza meli dagaa peke yake safari mbili ili kuishikilia. Ghala ndilo lililobaki. Karibu na gati la Nansio kulikuwa na ghala la pamba la zamani, mali ya ushirika, kuta zake nzuri na paa lake limeliwa na kutu. Ili kuliezeka, ilihitajika nguvu ya wanachama wote, na wanachama walimfuata Dorotea.

Kwa hiyo Kokulinda alikwenda nyumbani kwake. Alimkuta akishona nyavu barazani.

"Umekuja kunilaumu," alisema Dorotea.

"Hapana. Nimekuja kukwambia ulikuwa sahihi." Akamweleza habari za forodha, mizani, na ghala. Alimweleza kwamba meli ikishusha hapa hapa, chakula cha majini kingekaribiana na cha lori, na labda siku moja kingekuwa nafuu zaidi.

Dorotea aliendelea kushona mpaka uzi ukaisha. Akaukata kwa meno.

"Mimi nilipinga gharama, Koku. Sikuipinga meli. Ile meli nimeiota." Akainuka na kukung'uta kanga. "Ghala tulianze Jumamosi. Mwambie fundi alete misumari ya kutosha, kwa sababu nitawaleta wote, na waliopiga kura na mimi watapanda juu wa kwanza."

Na walipanda. Lilipokwisha, mkuu wa forodha alikuja mwenyewe kuliona, akazunguka mara mbili akitafuta kasoro, akakubali kwa majaribio. Siku Malimbe ilipofunga kamba Nansio kwa mara ya kwanza ikitoka Homa Bay, hapakuwa na hotuba. Ofisa alivunja lakiri iliyofunga mzigo, akakagua, akagonga muhuri, na Dorotea akachukua mfuko wa kwanza kichwani, akashuka nao kwenye ngazi za gati moja kwa moja hadi kwenye mtumbwi wake.

Mwaka uliofuata madereva wa malori waligoma mpakani, Sirari ikafungwa kabisa. Kokulinda alikuwa Nansio, akipima uzito wa samaki pamoja na Dorotea, alipopata simu ya Nestory.

"Kuna nini?" Dorotea aliuliza alipomwona uso.

"Barabara ya Sirari imefungwa. Tangu Jumatatu."

"Ah." Dorotea alimrudisha sato majini, akachota mwingine kwa wavu. "Jumatatu ile nilipokea mifuko. Malimbe inarudi lini?"

"Kesho kutwa."

"Basi andika uzito wa huyu, ananitoroka."

Kokulinda aliandika. Alipomaliza kazi alimpigia simu Nestory, akamwambia aache lori mahali salama aende akapumzike na watoto. Halafu akampigia Anatory, binamu yake aliyekuwa na kahawa na magari ya ndizi kule Kemondo, kando ya ziwa karibu na Bukoba, ambaye kila masika alilalamika kwamba mazao yake yanaozea barabarani.

"Koku, habari za huko?"

"Salama. Anatory, gati la Kemondo lina kina gani siku hizi? Na huwa unapakia kiasi gani kwa juma? Usiniambie kwa kukadiria. Nenda ukaangalie, nitakusubiri."